Mzee wa Yadi na Mama Mboga

Kama uliwahi kununua gari la nje kule Garland, Texas, miaka ile ya tisini, ukarudi nyumbani ukijiuliza ni nani hasa aliyeamua ulinunue, wewe au muuzaji, basi huenda ulipita mikononi mwa Mzee wa Yadi. Mimi nilikuwa karani wake kwa miaka mingi kabla sijawa muuguzi, na mpaka leo nikimkumbuka moyo hunidunda kwa furaha. Alikozaliwa sikujui vizuri, na njia aliyoingilia Amerika kila mtu aliisimulia kivyake. Yeye mwenyewe alizikubali hadithi zote na kuzitia chumvi. Sitazirudia hapa. Nitasimulia niliyoyaona, hasa yale ya farasi, maana bila farasi huyo mzee angekuwa muuza magari tu, na wauza magari Texas ni wengi kuliko miti.

Yadi yenyewe ilikuwa kipande cha lami kando ya barabara kuu, kibanda cha ofisi chenye kiyoyozi kilichokohoa mchana kutwa, na magari ya nje yaliyopangwa kwa nchi zao. Mzee hakuyaita kwa majina ya kampuni. Alisema Mjapani, Mjerumani, Mswidi. "Karani, niletee funguo za yule Mswidi wa kijani," alikuwa akiniita kutoka nje, na mimi nilijua ni gari gani. Katika nchi ile ambako hata wachungaji huendesha pikapu, yeye aliapa kwamba pikapu ya Kimarekani haitakanyaga yadi yake. Wamarekani walioingia kuulizia pikapu aliwaelekeza kwa jirani, kwa upole ule wa kumwonyesha mgeni choo kilipo. Lakini nyuma ya ofisi, chini ya turubai, palikuwa na pikapu ya Kimarekani, kubwa, ya kelele, aliyoitumia kuvutia tela la farasi. Nilipomuuliza kuhusu hiyo alinijibu kwamba ile si gari, ni punda.

Alivaa suti. Joto la Julai lilainisha lami mpaka viatu vikanata, na yeye yuko ndani ya koti na tai, kitambaa cheupe mkononi cha kufutia jasho. Ila kwenye buti la gari lake kulikuwa na gambuti za kuingilia bandani kwa farasi, na ukimwona amevaa gambuti na suti kwa pamoja ujue siku hiyo hakuna biashara. "Karani, shika yadi. Mteja akija mwambie niko hospitali." Sasa mimi ni mlokole, uongo sisemi. Mteja akija nilimweleza kwamba Mzee ameenda kumwona farasi wake. Ajabu ni kwamba wateja waliipenda sababu hiyo kuliko ya hospitali, na wengi walirudi kesho yake kuuliza farasi anaendeleaje.

Magari yenyewe aliyapata minadani, na mnada aliousifu zaidi ulikuwa wa Houston. Tulishuka huko alfajiri, yeye akiendesha na kuongea, mimi nikiwa na mfuko wa chapati za mke wake mapajani. Houston hufurika, na magari yaliyolala kwenye maji ya mafuriko huoshwa, hunyunyiziwa manukato, kisha huletwa mnadani yaking'aa. Wanunuzi wengine walifungua bonneti, wakagonga tairi, wakasikiliza injini. Mzee alifungua mlango wa nyuma, akapiga magoti na suti yake, akabandika uso kwenye zulia la gari.

"Weka pua," aliniambia siku ya kwanza. "Macho yatakudanganya, masikio yatakudanganya. Pua haina rafiki."

Niliweka pua. Chini ya manukato kulikuwa na harufu ya matope yaliyooza, kidogo sana. Tangu siku hiyo sijawahi kununua kitu chenye zulia bila kukinusa kwanza, na wanangu wananionea aibu madukani.

Msidhani alikuwa malaika. Gari likivuja mafuta alisema linatoa jasho, na kwamba chochote kilicho hai hutoa jasho. Gari likigoma kuwaka mbele ya mteja alisema lina haya. Lakini kulikuwa na mstari ambao hakuuvuka, na niliuona vizuri siku alipokuja baba mmoja Mkongomani, tuliyemwita Papa kama waitavyo kwao, mfanyakazi wa ghala, mtu mpole aliyekuwa na miezi michache tu tangu afike kutoka kambi ya wakimbizi. Papa alisimama mbele ya Mjapani mdogo mwekundu wa milango miwili na hakutaka kuondoka hapo.

"Papa, hii ya rouge minaipenda sana," alimwambia Mzee. "Bei yake ni ngapi?"

"Uko na watoto?"

"Niko nabo, batoto sita."

"Basi kuja nao kesho, na mama yao. Mimi siuzi gari kabla sijaona mzigo."

Kesho yake wakaja wote, wamevaa nguo za kanisani. Mzee akawaambia waingie kwenye gari jekundu. Waliingia kwa shida, mmoja juu ya mwingine, na mlango ukakataa kufunga. Kutoka chini ya rundo la kaka zake msichana mmoja akasema kwa Kiingereza kwamba hawezi kupumua. Mzee alikuwa anatazama mawingu. Aliyecheka kwanza ni mama yao, akacheka mpaka akaegemea bonneti. "Si nilikuambiaka?" alimwambia mumewe. Wakaondoka na yule Mswidi wa kijani, mrefu, mwenye kiti cha ziada nyuma, na Mzee alipata faida ndogo kuliko ambayo angeipata kwa gari jekundu. Siku hiyo yote aliimba.

Kuna jambo moja la kazi yake ambalo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililokuja kumponza. Pale mbele kabisa, mahali pa heshima kando ya barabara, aliweka gari ambalo hakukusudia kuliuza. Lilikuwa Mjerumani mweusi mwenye viti vya ngozi, na kwenye kioo cha mbele Mzee aliandika kwa rangi nyeupe bei ya kutisha watu. Kazi ya Mjerumani ilikuwa kuvuta macho tu. Mtu akisimama kwa ajili yake, aliondoka na Mjapani. Siku moja daktari mmoja kutoka Plano akaingia, akasoma bei, akatoa kitabu cha hundi bila kubishana hata kidogo. Mzee alichukia. Alimketisha, akaniagiza chai, wakaongea muda mrefu kuhusu watoto na shule na magoti, na daktari akaondoka na gari lingine kabisa akiamini amepata bahati.

"Bei ni mlango wa mazungumzo," aliniambia baadaye, bado amekasirika. "Mtu anayeingia bila hodi si mteja. Ni mwizi."

Aliamini hivyo kwa dhati, na mimi pia, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Kwetu hata nyanya hazinunuliwi kimyakimya.

Sasa nije kwa farasi. Mbio za farasi alizianza Nairobi, akiwa kijana asiye na nauli, akichungulia kupitia ua wa uwanja pale Ngong Road Jumapili mchana. Uwanja wa mbio ulipofunguliwa Grand Prairie, karibu nasi, alifunga yadi siku ya Jumamosi, jambo ambalo muuza magari hafanyi hata akifiwa, akaniambia nipande gari twende. Nilikataa. Mbio za farasi nilizijua kuwa ni kamari, na kamari ni dhambi, na yeye alikuwa shemasi wa kanisa letu. Wamama wa kanisani walikuwa wameshaanza kunong'ona.

"Karani, umewahi kuniona nikicheza kamari?"

Sikuwa nimemwona. Na katika miaka yote iliyofuata sikumwona akikaribia dirisha la tiketi hata mara moja. Huyu mtu, ambaye mnadani alinunua gari kwa kupandisha nyusi tu na kuhatarisha mtaji wake wote, alisema kumwekea farasi dau ni kumtukana. Alitaka kutazama. Mchungaji alipomwita ofisini kumwonya, alimjibu hivi: "Pastor, kuja uone. Ukinikuta kwa dirisha la tiketi, nitoe kwa ushemasi hapo hapo." Mchungaji akaja kweli, na miwani ya jua ili asitambulike. Kufikia mbio za tatu alikuwa ameivua, na kufikia mbio za mwisho alikuwa amepoteza sauti. Jumapili alihubiri kwa kunong'ona na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sitasahau mara yangu ya kwanza pale kwenye ua wa uwanja. Farasi huwasikii tu kwa masikio, unawasikia kwa miguu. Ardhi inaanza kutetemeka kabla hujawaona, halafu wanatokea kwenye kona wote kwa pamoja, udongo unaruka, wapandaji wameinama, na unajikuta unapiga kelele bila kujua unamshangilia nani. Niligeuka nikamwona Mzee wa Yadi analia. Machozi matupu, na anacheka. Nikamwelewa kuanzia siku hiyo, na nikaacha kubishana naye.

Farasi wake mwenyewe alimpata kama alivyopata kila kitu, mnadani. Alikwenda kutazama tu, ndivyo alivyoapa kwa mkewe. Wakamleta jike mwembamba wa rangi ya kahawia, mwenye doa jeupe kwenye paji, ambaye alikataa kusimama tuli na kumvuta mshikaji wake huku na huku. Watu walicheka. Mzee akashuka, akaomba ruhusa, akabandika pua yake shingoni mwa yule farasi. Aliporudi kuketi nyusi zilikuwa zimeshapanda. Akampa jina Mama Mboga, kwa sababu, alisema, kama wauza mboga wa kwetu, anaamka kabla ya watu wote na hakai chini mpaka auze. Mtangazaji wa uwanja alilitafuna jina hilo kila siku kwa namna mpya, na sisi Wakenya wachache tuliokuwepo tulishangilia kila namna.

Mke wa Mzee alimwita mke mwenzake. "Mke mwenzangu ameamkaje leo?" aliuliza kila asubuhi akimwekea mumewe chai, na Mzee, badala ya kuona haya, alimjibu kwa kirefu: amekula vizuri, kwato ya kushoto imepoa, jana alimng'ata mshikaji. Siku ambayo mvua ya mawe iliipiga Garland, mawe makubwa, vioo vya magari vikipasuka kimoja baada ya kingine, mimi nilijificha chini ya meza nikiomba. Mzee alikuwa amesimama dirishani na simu sikioni. Nilidhani anaita watu wa bima. "Yuko ndani?" nilimsikia akiuliza. "Umemwona kwa macho yako? Rudi uangalie tena." Yadi nzima ilikuwa imechakazwa na yeye anatabasamu, kwa sababu Mama Mboga alikuwa bandani anakula nyasi. Kesho yake akaandika kibao kikubwa kwamba magari yamepigwa na mawe lakini injini hazina habari, na watu wakafika kutoka mpaka Fort Worth. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka wiki ile.

Tatizo la Mama Mboga lilikuwa moja. Hakushinda. Alikimbia vizuri, alikuwa wa pili, wa tatu, tena wa pili, na kila mara Mzee alirudi ofisini na sauti imekauka. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka ushindi mmoja, ile picha ambayo mwenye farasi hupigwa akiwa amesimama kando ya farasi wake na familia yake. Msimu wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Nikaanza kumwona akitazama ukuta wa ofisi, pale alipotaka picha ikae.

Mkufunzi wa farasi alikuwa Mzungu wa Fort Worth, mtu wa kofia pana na maneno machache. Siku moja bandani, mimi nikiwepo, alimshauri kwamba wamshushe Mama Mboga kwenye mbio za daraja la chini, zile ambazo kila farasi anayeingia ana bei yake iliyotangazwa. Huko angewashinda. Lakini alimweleza Mzee polepole, akihesabu vidole: mtu yeyote mwenye leseni anaweza kumchukua farasi kwa bei ile iliyotangazwa, anatumbukiza karatasi yake sandukuni kabla ya mbio, na lango likifunguka farasi ni wake. Mmiliki wa zamani hubaki na ile bei na zawadi ya mbio hiyo tu. Mzee aliitikia kwa kichwa. Tukiwa njiani kurudi Garland nikamuuliza kama haogopi.

"Niogope nini? Wacha waandike bei. Mtu akimtaka atakuja, tutaongea, nita-refuse. Nani ana-buy kitu bila kuongea na mwenyewe?"

Nikaona ni kweli kabisa. Nani?

Basi Jumapili ya mbio hiyo, baada ya ibada, kanisa zima likahamia Grand Prairie. Wamama waliokuwa wakinong'ona walikuja na vitambaa vya kichwa na vyombo vya pilau. Papa wa Mswidi wa kijani alileta watoto wote sita. Mzee alivaa suti mpya ya buluu, akafunga tai na kuifungua mara tatu, mpaka mkewe akamfungia.

Lango likafunguka na Mama Mboga akatoka wa mwisho. Nilitaka kufa. Walipofika upande wa mbali alikuwa bado nyuma, tunaona tu kofia ya njano ya mpandaji wake katikati ya vumbi. Kisha kwenye kona akapata upenyo kando ya ua, na akaingia. Akampita mmoja, wawili, watatu. Mchungaji alikuwa amepanda juu ya kiti. Watoto wa Papa walikuwa wanapiga kelele kwa Kiingereza, mama yao kwa Kiswahili, bibi mmoja nyuma yangu kwa Kikamba, na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya miguu yetu. Wakaja wawili bega kwa bega. Mama Mboga alinyoosha shingo. Kichwa kimoja tu, lakini kilitosha.

Sijui niliruka mara ngapi. Najua nilimkumbatia mtu nisiyemjua kutoka Oklahoma. Tulishuka wote kwenye uwanja wa washindi, tukajazana kwenye picha mpaka mpiga picha akarudi nyuma na nyuma tena, na katikati ya umati alisimama Mzee wa Yadi, mkono wake shingoni mwa farasi, uso umelowa machozi. Niliamini siku hiyo kwamba mtu anaweza kufurahi mpaka akafupisha maisha yake.

Picha ilipokwisha kupigwa, jamaa mmoja mwembamba akapenya kati yetu, akatia kibandiko chekundu kwenye hatamu ya Mama Mboga na kushika kamba. Mzee akamuuliza anampeleka wapi. Jamaa akamjibu kwa adabu kwamba farasi huyu ni wa bosi wake tangu lango lilipofunguka.

Mzee akatabasamu tabasamu lake la yadi. Akamwambia sawa, rafiki, haraka ya nini, twende tukae tunywe chai tuongee. Jamaa hakuelewa chai ilihusiana na nini. Akarudia kwamba hakuna la kuongea, mzee, samahani, na akaanza kumwongoza farasi. Mzee akamfuata akiongea. Alimsifia kofia. Alimuuliza ana watoto wangapi. Alimwambia bei ile ilikuwa ya kuanzia tu. Walipofika kwenye lango la mabandani, askari akamzuia, kwa kuwa hakuwa tena na farasi upande ule, na Mama Mboga akapinda kona bila kugeuka. Mmiliki mpya hatukumwona hata uso.

Tulikula ile pilau kwenye maegesho. Mzee alikuwa ameshika picha, maana walimpa papo hapo. Aliniambia neno moja tu siku hiyo. "Hata hakuja kunisalimia, Karani."

Jumatatu alifuta bei kwenye kioo cha Mjerumani mweusi, akampa mkewe funguo. Picha hakuitundika. Mkufunzi alimwambia anaweza kumchukua tena kwa njia ile ile, atafute mbio nyingine atumbukize karatasi yake, na sote tulimsihi. Akakataa. Alisema yeye si mtu wa kuingia kwa watu bila hodi. Kiburi hicho kilinikera, nami nilimwambia. Lakini kila asubuhi alinunua gazeti la mbio, akalisoma amesimama, na alijua yule farasi yuko wapi: Louisiana, kisha Oklahoma, kisha Louisiana tena. Alibadilishwa mikono mara nyingi, na kila mara bei yake ilishuka. Biashara iliendelea vizuri tu. Aliuza, alicheka, alinusa mazulia. Kwenye uwanja wa mbio hakwenda tena, na mimi nilimhurumia kwa namna ambayo sikuweza kumwonyesha.

Miaka ikapita. Nikamaliza masomo ya uuguzi, nikapata kazi Houston, nikapanga nyumba mtaa wa Sharpstown. Tulipigiana simu wakati wa sikukuu. Halafu asubuhi moja, niko kwenye siku yangu ya mapumziko, simu ikalia, na nikaisikia ile sauti yake ya mnadani, ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu.

"Karani, niko Houston. Nimekuja na punda na tela. Vaa viatu vya kukimbia."

Nilimkuta kwenye geti la uwanja wa mbio. Nywele zilikuwa nyeupe zote, suti imekuwa kubwa kwake, gambuti miguuni. Akanieleza tukitembea, bila kuvuta pumzi. Mama Mboga alikuwa anakimbia alasiri ile, kwenye mbio za bei ya chini kabisa. Chini ya hapo hakuna mbio nyingine. Kuna lori linalopita kwenye mabanda kukusanya farasi wa machinjioni.

"Lakini ulisema huwezi kuingia kwa mtu bila hodi."

"Nilisema mambo mengi," alinijibu. Alikuwa ameshafufua leseni yake na kukodi kiwanja chenye nyasi nje ya Lewisville. Akatumbukiza karatasi sandukuni mbele ya macho yangu.

Hatukuwa peke yetu. Mtu mwingine naye alikuwa ametumbukiza karatasi ya farasi huyo huyo, mwanamume mnene ambaye hakututazama, na mimi nilikuwa na wazo langu kuhusu kazi yake na lori. Wakiwa wawili hupigwa kura. Ofisa alitia gololi mbili zenye namba kwenye chupa ya ngozi, akaitikisa. Nilimtazama Mzee, nikingoja aanze kuongea, amuulize yule mtu habari za watoto. Alikuwa anatazama chupa tu. Gololi ikatoka, ofisa akasoma namba ya Mzee, naye akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza.

Ila bado kulikuwa na mbio yenyewe. Lango likifunguka tu Mama Mboga angekuwa wake, arudi mzima au avunjike mguu katikati ya uwanja, na farasi wa umri ule huvunjika. Tulikimbia mpaka uani. Nilimtambua kwa doa la paji, amekonda, bandeji kwenye miguu ya mbele.

Lango likafunguka. Akatoka vizuri, wa nne. Watu wote pale uani walikuwa wanapiga kelele farasi wao wakimbie, wapige mbio, wasogee. Katikati yao Mzee wa Yadi alikuwa ameinama juu ya ua, tai imeruka begani, anaita kwa nguvu zake zote, "Polepole, mama! Polepole! Usijiumize!" Mtu mmoja mwenye tiketi mkononi akamgeukia kwa hasira. Mimi nami nikaanza. Tulipiga kelele wawili sisi, polepole, polepole, na ardhi ikaanza kutetemeka. Sikuwa natazama nafasi, nilitazama miguu. Mama Mboga hakutusikiliza hata kidogo. Alinyoosha shingo kama zamani, akampita mmoja, akampita wa pili, akamaliza wa pili, akapunguza mwendo, akageuka, akarudi anatembea. Miguu yote minne ilikuwa mizima. Nilikaa chini pale pale kwenye saruji nikalia kwa furaha.

Safari hii Mzee ndiye aliyepewa kibandiko chekundu. Akamsalimia kijana aliyemshika farasi, akampa mkono, akamuuliza amelalaje, amekula nini, kisha akapokea kamba. Akabandika pua shingoni mwa Mama Mboga. Yule farasi akalaza masikio nyuma, akamsukuma kwa kichwa, akataka kumng'ata mkono wa koti.

"Hanijui, Karani," alisema, uso wote unacheka.

"Amesahau, Mzee. Ni miaka."

"Si kitu."

Akarudi hatua moja nyuma, akanyoosha tai, akajifuta jasho kwa kitambaa. Kisha akapiga hodi. Akamwambia farasi jina lake lote, la kwake, la baba yake na la ukoo, akamwambia anakotoka na kazi anayoifanya, akamweleza kwamba nje kuna tela na huko Lewisville kuna nyasi, na akasimama pale ameshika kamba iliyolegea, akingoja akaribishwe.